Robo Inayosikika

Mume wangu ana kigugumizi, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namficha. Kwenye karakana yake ya friji wanamwita Starta, kwa sababu injini yake haiwaki kwa mkupuo wa kwanza. Yeye mwenyewe hucheka. Mimi sijawahi kucheka, na fundi mmoja aliyemuiga mbele yangu huku amepinda mdomo, nilimtolea uvivu kiasi kwamba mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Mimi ni fundi wa funguo. Kibanda changu kinatazamana na karakana yake: meza moja, jiriwa moja, tupa za kila ukubwa, na ubao wa misumari zinakoning'inia funguo ambazo hazijachongwa. Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa akija kuchongesha funguo asizozihitaji, mpaka siku moja akaniomba tuoane kwa sentensi moja iliyodumu muda wa kuchonga funguo mbili na kuzisugua zikang'aa. Nilijua anakokwenda tangu neno la kwanza, lakini sikumsaidia hata silabi moja. Yalikuwa maneno yake, na nilitaka kuyasikia kwake.

Nilichokuwa sikijui siku hiyo ni kwamba mtu huyuhuyu, akikaa chini akakunja miguu na kufumba macho, anaweza kughani maandiko ya Veda kutoka kichwani saa nzima asikwame hata mara moja. Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa bi harusi wa juzi, nimesimama mlangoni na ndoo mkononi. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka, neno limeshika neno, na kichwa chake kinakwenda nayo kidogokidogo. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Alipomaliza nikamuuliza mbona haya hayakwami. Akakwama kwenye jibu.

Aliyenieleza ni Mwalimu wake. Huyo ni mzee mwembamba, mpima viwanja mstaafu, ambaye magoti yake hulalamika kwa sauti kila akiinuka. Mama mkwe wangu alimpelekea mwanawe akiwa mtoto mdogo, akitumaini maandiko yatamfungua ulimi. Ulimi haukufunguka, lakini maandiko yaliingia na hayakutoka tena.

"Haya ni maneno ya Wahindu wa kale kabisa," Mwalimu aliniambia siku alipokuja kunywa chai kwetu. "Hayakuzaliwa kwenye karatasi. Yametoka mdomoni yakaingia sikioni, kizazi hadi kizazi. Sasa wale wazee wakaogopa. Mdomo unateleza, sikio linasinzia. Je, silabi moja ikidondoka njiani? Wakatafuta njia ya kuyafunga maneno yasidondoke." Akazungusha macho jikoni kwangu. "Chukua haya: maji, moto, sufuria, jiko. Mtu wa kawaida atayataja manne akaenda zake. Sisi tunasema hivi: maji moto, moto maji, maji moto sufuria, sufuria moto maji, maji moto sufuria. Kisha unasogea neno moja. Moto sufuria, sufuria moto, moto sufuria jiko, jiko sufuria moto, moto sufuria jiko."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa andiko."

Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. "Mzee wangu, nisamehe," nikasema, "lakini hiki si kigugumizi kilichopangiwa ratiba?"

Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ikabidi nimpige mgongoni. Alipopata pumzi akasema hajawahi kuelezwa kazi yake vizuri namna hiyo, kisha akanionyesha faida yake. Katika mpango ule kila neno lina majirani wanaolijua, wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo ukilidondosha moja, au ukichomeka la kwako, utaumbuka hatua mbili mbele. Hilo nililielewa kuliko wengi, maana ufunguo nao una meno, na ukipunguza jino moja kwa unywele tu kitasa kitakukatalia mbele za watu.

Sasa nije kwenye lililotukosesha usingizi. Ukumbi wetu wa maandiko uko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mwenyekiti wa ukumbi huo. Kila mwisho wa wiki Mwalimu alikuwa akifundisha watoto pale, wamekaa safu mbili sakafuni, dirisha wazi, na chini mtu anakata bati. Lakini kifua chake kilikuwa kimechoka. Daktari alimwambia aache, na yeye akasema ataacha siku atakapopata wa kumpokea. Katika ukumbi mzima wapo waghani kadhaa wanaojua maandiko kwa mwendo wa moja kwa moja. Aliyemaliza ule mwendo wa kufunga maneno, wa mbele na nyuma, ni mmoja tu, Starta wangu.

Ila kujua ni jambo moja, na kufundisha ni jambo jingine. Ili mtu achukue wanafunzi lazima apewe ruhusa na Mkaguzi anayetoka chuo kikubwa cha mji mwingine. Bila ruhusa hiyo unaweza kukaa kwenye safu ukaghani na wenzako mpaka uzeeke, lakini huwezi kumpa mtoto hata mstari mmoja. Mwalimu aliupata mwendo ule kwa mwalimu wake, na yule kwa wake, na wote hao walikuwa wamebaki na mlango mmoja tu wa kupitia. Mume wangu akinyimwa ruhusa, darasa linafungwa na mwendo unafia kwake.

Mwenyekiti hakutaka apewe. Alikuja kibandani kwangu kuchongesha ufunguo wa akiba wa ukumbi, akaegemea meza yangu kana kwamba ni yake.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu mwenye akili. Mshauri mwenzio."

"Nimshauri nini?"

"Aghani. Nani atamkataza? Anaghani vizuri kuliko sisi wote, mimi mwenyewe nasema. Lakini mwalimu lazima aseme na watoto, awaeleze. Wazazi watauliza, imekuwaje mmemweka mtu asiyeweza kusema awafundishe wetu kusema? Wataondoa watoto. Halafu mimi nibaki na ukumbi wa popo."

Ningeweza kumjibu kistaarabu. Mtu yule hakuwa mbaya. Ndiye aliyelipaka rangi jengo lile kwa mikono yake, na alikuwa na hofu ya kweli. Lakini ustaarabu ulikuwa umenitoka asubuhi na mapema. Nikaufungua ufunguo wake kutoka kwenye jiriwa, nikaupuliza vumbi la shaba likamwingia puani.

"Mwenyekiti, ufunguo huu hapa. Ukikwama, usiulazimishe. Subiri, utafunguka. Ukiwa na haraka utauvunja, na kosa litakuwa lako."

Akaenda zake anapiga chafya.

Jioni nilimsimulia mume wangu, na kila nilipoongeza neno nilizidi kupandwa na mori. Yeye alikuwa ameinama mbele ya friji ya jirani, anasikiliza mota. Akanyamaza kitambo, nikajua hajakwama, anafikiri. Mimi naweza kutofautisha.

"A-a-anaweza kuwa na haki," akasema.

"Ana haki ya nini? Ya kukufunga mdomo?"

"Watoto wa-watacheka."

"Watacheka siku ya kwanza."

Akafunga mfuniko wa mota, akafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Kughani naghani hata nikiwa na fri-friji," akasema. "Nataka ku-ku-kufundisha. Nikifa nayo hii, nimemwibia Mwalimu." Nilikuwa na hotuba ndefu mdomoni, nikaimeza yote.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, viatu vimerundikana mlangoni, na mtu aliyechelewa alikuwa anatafuta pa kuweka mguu. Mama mkwe wangu alikaa ubavuni mwangu, amekunja leso yake mpaka imekuwa kama kamba. Yule mama ni mtu mwema ajabu, ila ana tatizo moja. Tangu mwanawe aanze kusema, yeye ndiye anayemmalizia. Mwanawe akisema "Mama, na-na," yeye ameshaleta maji, na mara nyingine mwanawe alikuwa anataka kuuliza habari nyingine kabisa, lakini anayanywa maji hayo kwa upendo. Kabla hatujaingia nilimwambia, "Mama, leo tafadhali." Akasema, "Mwanangu, leo nitakuwa jiwe." Sikumwamini.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa na mafua makali. Alijifuta pua, akakaa mkekani, akamwangalia mume wangu kama ninavyoangalia kufuli nisilolijua. Kisha akafumba macho, akatoa maneno mawili tu ya andiko fulani kutoka katikati kabisa, akanyamaza. Maana yake ni: haya, lipokee hapo lilipo, uendelee.

Mume wangu akalipokea.

Jamani, sina namna ya kueleza. Alianza chini, akapanda, maneno yakawa yanakwenda mbele, yanarudi, yanakutana, yanaachana, wala hakuna lililomkanyaga mwenzake. Mkaguzi alikuwa anagonga goti kwa kidole kimoja. Mwalimu alikaa pembeni amejifunga shali, midomo inatembea bila sauti. Hata mkata bati wa chini alikuwa amenyamaza, nadhani alipanda kusikiliza.

Walipofika kwenye andiko la tatu, likatokea jambo ambalo linaweza kutokea kwenye ukumbi wetu tu, duniani kote. Mume wangu alilitaja neno moja mara mbili, papo kwa papo. Akageuka nalo, akalitaja tena mara mbili. Akasogea mbele, akarudi, na neno ni lilelile, mara mbili na mara mbili tena. Minong'ono ikaanza. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Nikasema ndani yangu, yamekuja, yamemkuta humo humo alimokuwa salama. Naye aliendelea, anazunguka na neno lake.

Mwenyekiti akasimama. "Basi, basi," akasema kwa upole, huku ameinua viganja. "Ameanza. Mheshimiwa Mkaguzi, tusimtese mwenzetu. Ndiyo hali yake, tunaijua."

Mume wangu hakunyamaza. Mkaguzi naye hakufumbua macho, na kidole chake hakikuacha kugonga goti. "Neno hilo limo mara mbili kwenye andiko," akasema, pua imeziba. "Wazee waliliweka hivyo. Anavyosema ndivyo inavyotakiwa. Kaa chini, unanipotezea hesabu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na safari hii hakuwa mume wangu aliyechekwa. Mwenyekiti alikaa, masikio yamemwiva. Mimi nilimshika mama mkwe mkono nikaufinya mpaka akaguna. Mume wangu aliumaliza mwendo ule bila kupepesuka, akaushusha mstari wa mwisho taratibu kama mtu anayetua mzigo wenye vyombo vya udongo, akanyamaza.

"Kughani umemaliza," Mkaguzi akasema, akafumbua macho. "Sijasikia kosa."

Watu wakaanza kupiga makofi, nami nilikuwa nimeshanyanyuka nusu. Lakini Mkaguzi akainua mkono. "Nimesema kughani. Anaomba kufundisha. Mwalimu huulizwa kwa lugha ya kila siku, na hujibu kwa lugha ya kila siku."

Makofi yakafa. Nikakaa. Hilo ndilo tulilokuwa tukiliogopa wote, kila mtu kwa siri yake, na hakuna aliyekuwa amelitaja nyumbani.

"Katika ulichoghani," Mkaguzi akaendelea, "limo andiko linalozungumza juu ya Neno lenyewe, usemi wa binadamu. Linafundisha nini? Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Mume wangu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaiona shingo yake ikikaza, kidevu kikitetemeka, macho yakitafuta pa kutua. Chini mtu alidondosha bomba la chuma, likalia kwenye sakafu na kutulia, naye alikuwa bado pale pale. Kwenye safu ya nyuma kijana mmoja akatoa kicheko cha puani. Mimi nilijua jina la mama yake na nikaliweka akiba.

"Ma-ma-ma," akasema mume wangu.

"Maneno!" Mama mkwe alilipuka. Nilimziba mdomo kwa kiganja kabla hajafika mbali. Akanitolea macho juu ya vidole vyangu, mkwe anamziba mama mkwe mdomo hadharani, nami nikamnong'oneza, "Nipige nyumbani, mama, siyo hapa."

Mwenyekiti akasimama tena, na kwa haki nasema alikuwa anatafuta kusaidia. "Mheshimiwa, apewe karatasi aandike. Au mkewe amsemee, yule ana mdomo wa watu wawili. Kwani kuna ubaya gani?"

Hapo damu ikanipanda. Nilisimama, nikajaza kifua, na maneno yaliyokuwa yanakuja yangeibomoa ile rangi ukutani. Mume wangu akanyoosha mkono upande wangu, kiganja chini. Hakunitazama hata. Katika ndoa yetu yote alikuwa hajawahi kuniambia nikae. Nikakaa.

"Ka-karatasi," akasema, akavuta pumzi, "hapana. Hii haikupita kwenye ka-karatasi tangu mwanzo. Haitaanzia kwa-kwangu."

"Basi sema," Mkaguzi akamwambia. "Mimi gari langu linaondoka kesho."

Watu wakacheka kidogo, cheko la heri, na nikaona mabega ya mume wangu yakishuka. Akaacha kupigana na shingo yake. Akawa anasema kama anavyosema na mimi nyumbani, anapofika kwenye mlima anaupanda, hajifanyi kwamba ni tambarare.

"Ma-maneno yana sehemu nne," akasema. "Andiko li-linasema hivyo. Sehemu tatu zi-zimefichwa. Hazitikisiki. Wenye hekima wa-wanazijua ziliko. Binadamu wa-wanachosema ni ile ya nne tu. Ro-ro-robo."

Akatua kupumzika. Hakuna aliyemmalizia.

"Mtoto nitamwambia hivi. Ukinisikia ni-nimekwama, usidhani si-sina. Ninalo. Lipo zima, li-limekaa kwenye zile tatu. Nyinyi mna-mnasikia robo inahangaika mlangoni, mna-mnadhani nyumba ni tupu." Akagusa kifua chake. "Watu wengi ro-robo yao inatoka mbio, hawana ha-haja ya kujua ilikotoka. Mimi kila si-siku nalazimika kwenda kuitafuta hu-huko ndani. Kwa hiyo huko na-napajua kidogo."

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa naishi na mtu huyu, nakula naye, namfulia maovaroli yenye grisi, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo mbele ya watu. Mama mkwe, mdomo wake bado uko chini ya kiganja changu, alikuwa amelowesha vidole vyangu kwa machozi. Nikamwachia. Hakusema kitu.

Mkaguzi alijifuta pua kwa muda mrefu kuliko pua ilivyohitaji. "La mwisho," akasema. "Akija kwako mwanafunzi anayekwama, utamfanya nini?"

Mume wangu akafungua mdomo, na hapo ndipo kilipokuja kikwazo kikubwa kuliko vyote. Herufi ya kwanza ilimkamata ikamng'ang'ania. Mishipa ilimtoka kwenye paji la uso, jasho likamchuruzika hadi kwenye nyusi. "N-n-n." Akaacha. Akaanza upya. "N-n." Feni ya darini ilikuwa inazunguka na kugonga kitu, tik, tik, nami nilitamani kupanda juu niing'oe. Lakini mtu wa safu ya mbele hakujikuna. Yule kijana wa kicheko cha puani alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, kama anayemwangalia mtu akitembea juu ya kamba. Mwenyekiti alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Ukumbi mzima, wazee kwa watoto, ulikuwa unasubiri neno moja la fundi friji, na hakuna hata mmoja aliyetaka kulisema kwa niaba yake.

"Nitamngoja," akasema mume wangu.

Mkaguzi akageuza kichwa, akatutazama sote tuliokuwa tumengoja. Akamtazama Mwalimu pembeni. "Umepata wa kukupokea," akamwambia. Kisha akamrudia mume wangu. "Fundisha. Nimeruhusu mimi, na walioniruhusu mimi."

Niseme nini? Watu walisimama. Mama mkwe alipiga kigelegele kilichowatisha njiwa wa paani. Mwalimu alijaribu kuinuka, magoti yakapiga kelele zao, vijana wakamnyanyua kwapani, akaenda akamshika mume wangu kichwa kwa mikono miwili na kukitikisa, kama anapima iwapo kila kitu kimo. Mimi nilikuwa nagonga mgongo wa kila aliyekuwa karibu, wengine sikuwajua hata kwa sura. Nilijivuna. Sikujivuna siku ya harusi yangu kama nilivyojivuna saa ile.

Lakini shughuli ilikuwa haijaisha. Ruhusa hii haifungwi kwa muhuri wala kwa saini. Mwalimu mpya hupaswa kutoa somo lake la kwanza palepale, kwa wote waliomo, awe mkubwa au mdogo, na kila aliyemo ni mwanafunzi wake kwa mstari huo mmoja. Yeye hutoa mara moja, wao huurudia mara mbili. Mkaguzi alitoka mkekani, akaja kukaa kati yetu sakafuni, mwanafunzi kama wengine, leso yake ya mafua mkononi.

Mume wangu akakaa pale alipotoka mwenzake. Akafumba macho, akatoa mstari mfupi, wenye kupanda kidogo katikati na kushuka mwishoni. Tukaurudia. Ulitoka kama mzigo wa bati unaoporomoka ngazini. Akainua kidole kimoja. Masikio yake yalikuwa yanatembea juu ya vichwa vyetu, kisha yakatua.

Akafumbua macho. Alikuwa anamtazama Mwenyekiti.

"Pa-pale katikati," akamwambia, "hujapanda. Ru-rudia."

Mwenye jengo, mwenye duka la chini, baba wa watu wazima, akarudia peke yake mbele ya wateja wake wote. Sauti ilipanda mahali pasipo pake.

"Rudia."

Akarudia. Ikapasuka. Mtu nyuma akataka kucheka, mume wangu akamtazama mara moja tu, akaacha. Nami kicheko nilikuwa nacho kooni, kimeiva tangu siku ile ya kibandani, na nikaona haya kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu mume wangu hakuwa na kicheko wala kisasi usoni. Alikuwa ameegemea mbele, amefungua mikono magotini, hana haraka ya kwenda popote.

"Ru-rudia, Mwenyekiti. Umekaribia."

Mwenyekiti akafumba macho. Akaanza, akakwama, akaanza tena neno lilelile, akakwama, akaanza tena. Tulimngoja. Mara ya nne sauti yake ilipanda pale katikati, nyembamba lakini safi, ikakaa, ikashuka hadi chini bila kutetereka. Akafumbua macho, uso umemchanua kama mtoto aliyeona baiskeli yake haishikwi tena na mtu, akamtazama mume wangu kuona kama kweli ndivyo.

"Ndivyo," akasema Mwalimu mpya. "Sa-sasa wote."

Tukavuta pumzi, Mkaguzi na mafua yake, mama mkwe, mzee Mwalimu aliyekuwa tena mwanafunzi, mkata bati mlangoni na koleo zake. Mimi sauti yangu ni ya tupa juu ya shaba, na sikuwahi kuithubutu kwenye ukumbi ule. Niliitoa yote. Tuliurudia mstari mara ya kwanza, tukaurudia mara ya pili, na mara ya pili uliingia.